Retinoli Bila Kubabuka

Kuna maneno yamezoeleka kwenye maduka ya vipodozi, na wateja nao huyapeleka kwa mashoga zao kama yalivyo: ikikuwasha, ujue inafanya kazi. Mtu anapaka krimu ya usiku yenye retinoli, asubuhi uso unamchonyota, siku ya tatu ngozi ya pembeni mwa pua na kidevuni inabanduka, naye anavumilia kwa kuwa ameambiwa ngozi ya zamani inatoka ipishe mpya. Wiki chache baadaye, pale palipobanduka pamebaki baka jeusi ambalo halikuwapo. Baka hilo linaweza kukaa miezi.

Kwa hiyo niseme mapema ninachokiamini. Retinoli ni mojawapo ya vitu vichache sana kwenye rafu ya vipodozi ambavyo utafiti umeonyesha kwamba kweli hupunguza dalili za uzee usoni. Lakini kwa ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, muwasho hauna faida yoyote. Ngozi yetu ikichokozwa hujibu kwa kumwaga rangi pale ilipoumia, na ndiyo maana chunusi, mkwaruzo au kuumwa na mbu hutuachia alama nyeusi. Anayeunguza uso ili aondoe madoa anajitengenezea mengine. Retinoli inayotufaa ni ile ambayo ngozi inaipokea kimyakimya, usiku baada ya usiku.

Tuuangalie kwanza uzee wenyewe, kwa sababu matangazo mengi ya krimu hizi yametungwa kwa ngozi nyeupe na yanatuahidi tiba ya tatizo ambalo wengi wetu hatunalo. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, ni kinga ya kweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulipima jinsi tabaka la juu la ngozi linavyozuia miale ya jua inayounguza: ngozi ya watu weusi ilipata kinga ya wastani wa 13.4, ya weupe 3.4. Ndiyo sababu makunyanzi membamba ya jua huchelewa kwetu. Kinachotangulia ni rangi ya uso kutokuwa sawa: paji la uso limekolea kuliko mashavu, mabaka juu ya mifupa ya mashavu, weusi kuzunguka mdomo. Baadaye huja mifuko chini ya macho na mashavu yanayoshuka. Retinoli inasaidia katika rangi, katika mikunjo midogo na katika ngozi iliyokosa ulaini. Mashavu yaliyoshuka haiyapandishi, hata ukinunua ya bei gani.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kueleza. Chini ya ngozi ya juu kuna nyuzi za kolajeni zinazoishikilia. Kila mwaka wa utu uzima zinapungua kidogo, na jua huzidisha kwa kuamsha vimeng'enya vinavyozikatakata. Retinoli ni aina ya vitamini A. Ikiingia kwenye ngozi hugeuzwa mara mbili, kwanza kuwa retinaldehaidi, kisha kuwa asidi ya retinoiki, na ni asidi hiyo ya mwisho ambayo chembe za ngozi zinaitambua. Hapo hupunguza kazi ya vile vimeng'enya, huchochea kolajeni mpya, hufanya chembe za juu zijibadilishe haraka zaidi, na hutawanya rangi iliyojikusanya mahali pamoja. Wapo wanaosema retinoli hufanya ngozi iwe nyembamba. Si kweli. Tabaka la nje kabisa, lile la chembe zilizokufa, hujipanga vizuri zaidi, na sehemu hai iliyo chini yake hunenepa. Kinachokondesha ngozi ni krimu za steroidi, na hizo nitazirudia.

Asidi ya retinoiki yenyewe, ikitengenezwa kiwandani, inaitwa tretinoini, na ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Aliyeifanya ijulikane ni Albert Kligman, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Philadelphia. Mwaka 1969 yeye na wenzake walichapisha matokeo yake kwenye chunusi, na mwaka 1986 wakachapisha matokeo kwenye ngozi iliyozeeshwa na jua. Habari hii hupendwa kusimuliwa nusu. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1974 Kligman aliendesha majaribio ya dawa na kemikali kwenye miili ya wafungwa wa gereza la Holmesburg, mjini humohumo, na wengi wa wafungwa hao walikuwa Wamarekani Weusi. Wengine walitoka na makovu ya maisha. Jiji la Philadelphia liliomba radhi rasmi mwaka 2022. Naona ni haki mtu mweusi anayepaka kitu hiki leo awajue watu hao, na ni haki vilevile asikubali tena kuambiwa kwamba kuungua kwake ni sehemu ya kazi.

Kligman huyohuyo, mwaka 1975, alichapisha pamoja na mwenzake mchanganyiko wa kuondoa rangi ya ngozi: haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1, na steroidi iitwayo deksamethasoni asilimia 0.1. Dawa za mtindo huo, zenye vipimo tofauti, bado zinatumika hospitalini kutibu mabaka sugu, kwa muda mfupi na chini ya uangalizi. Ukisoma orodha hiyo taratibu utaona sura unayoifahamu. Mkorogo wa mtaani ni ndugu wa mchanganyiko huo, ila hauna kipimo, hauna mwisho, na mara nyingine umetiwa zebaki. Kwa hiyo kama kwa sasa unatumia krimu ya kujichubua, au ile “krimu ya kuchanganyiwa” inayouzwa kwenye kikopo kisicho na jina, usiongeze retinoli juu yake. Huenda ndani yake tayari mna tretinoini usiyoijua, na huenda mna steroidi iliyokwisha kuidhoofisha ngozi. Anza kwa kwenda kwa daktari wa ngozi. Na usiiache ghafla bila kumweleza, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa mara moja inaweza kuvimba, kuwaka moto na kujaa vipele, na wengi hapo ndipo wanaporudi kwenye kikopo wakidhani ndiyo dawa pekee.

Kwa msomaji ambaye ngozi yake haijaguswa na mkorogo, swali la kwanza ni anunue nini. Ukoo huu wa vitamini A una ngazi. Chini kabisa kuna esta za retinoli, ambazo kwenye lebo huandikwa Retinyl Palmitate au Retinyl Acetate. Ni laini, na nguvu yake ni ndogo. Juu yake kuna retinoli yenyewe, kisha retinaldehaidi ambayo imebakiza hatua moja tu, kisha tretinoini. Adapaleni ni ndugu wa kutengenezwa, dawa ya chunusi ambayo Marekani inauzwa bila cheti cha daktari tangu mwaka 2016. Kwa anayeanza, retinoli ya kati ya asilimia 0.1 na 0.3 inatosha kabisa. Ulaya wenyewe wameweka sheria mwaka 2024 kwamba krimu ya uso isizidi asilimia 0.3 ya retinoli, na losheni ya mwili isizidi 0.05. Sababu yao kubwa ni kwamba watu tayari wanapata vitamini A nyingi kwenye chakula na hawataki ijilimbikize, lakini kipimo hicho kinatufaa hata sisi kama mwongozo dukani. Asilimia 1 iliyoandikwa kwa herufi za dhahabu si sifa. Kwa ngozi isiyozoea ni mwaliko wa mabaka.

Angalia na chombo. Retinoli huharibiwa na mwanga, hewa na joto, vitu vitatu ambavyo Dar es Salaam na Mombasa tumejaliwa kwa wingi. Kopo la mdomo mpana, unalofungua kila usiku na kuchovya kidole, huipotezea nguvu haraka. Tafuta tyubu ya bati au plastiki isiyopitisha mwanga, au chupa ya kubonyeza. Usinunue iliyokuwa imepangwa kwenye kioo cha duka kinachopigwa na jua la mchana, hata ikiwa imepunguzwa bei. Geuza tyubu, soma tarehe, na ikiwa krimu iliyotoka ni ya njano iliyokolea au kahawia na inanuka mafuta yaliyochacha, iache. Nyumbani iweke kabatini, si dirishani wala kwenye gari. Tanzania vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu mwaka 2019, Kenya viko chini ya la kwao, KEBS, na bidhaa isiyo na orodha ya viambato, anwani ya mtengenezaji wala namba ya toleo haistahili kukaribia uso wako.

Sasa usiku wa kwanza. Hapa ningependa twende polepole, maana ndipo wengi wanapoharibu.

Kabla hata ya usoni, paka kidogo sana nyuma ya sikio au chini ya taya, usiku mmoja, ruka mmoja, rudia tena, mpaka iwe mara tatu. Kama hapakuvimba wala kutoa vipele, endelea. Kisha osha uso jioni kwa sabuni laini. Sabuni ya mche, na zile sabuni kali za dawa ambazo nyumba nyingi hutumia kwa mwili mzima, huondoa mafuta yote ya ngozi, na retinoli ikifuata juu yake ni kama kumwagia chumvi kwenye mchubuko. Futa kwa taulo safi kwa kugusagusa, bila kusugua. Halafu ngoja dakika 10 hadi 20 uso ukauke kabisa, kwa sababu ngozi yenye majimaji hunyonya zaidi na kuwashwa zaidi.

Chukua mafuta ya mgando kidogo kwenye ncha ya kidole, upake kwenye kona za macho, mikunjo ya pembeni mwa pua na pembe za mdomo. Sehemu hizo ni nyembamba, krimu hutiririkia huko usiku, na ndizo zinazobabuka kwanza. Mafuta hayo yanaizuia isiingie. Kisha paka krimu ya kulainisha isiyo na manukato, yenye glisirini kwa mfano, uso mzima. Baada ya hapo ndipo retinoli inaingia: kiasi cha punje moja ya njegere, kwa uso wote. Igawanye matone madogo, paji la uso, mashavu mawili, kidevu, kisha sambaza kwa kupapasa hadi isionekane. Malizia kwa krimu ya kulainisha tena. Kuifunika hivyo juu na chini hupunguza ukali wake, na kwa miezi ya mwanzo hilo ndilo tunalolitaka. Kope za juu usiziguse.

Wanaoanza wengi hukosea kwenye kile kiasi. Punje ya njegere huonekana ndogo mno, basi wanaongeza ya pili, na ya tatu ili shingo nayo ipate. Kuongeza kiasi hakuongezi matokeo, kunaongeza kuwashwa tu. Shingo ni nyembamba kuliko uso. Isubiri mpaka uso umezoea, kisha uianzishe kwa usiku mmoja kwa wiki.

Kwa wiki 4 za mwanzo tumia usiku mara mbili tu kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine paka krimu ya kulainisha peke yake. Mambo yakiwa shwari ongeza usiku wa tatu, kaa hapo wiki nyingine kadhaa, kisha ruka siku moja moja. Wapo wanaofika kila usiku, na wapo wanaobaki kwenye mara tatu kwa wiki maisha yao yote na nyuso zao zinapendeza. Mwenye ngozi kavu sana, au mwenye historia ya pumu ya ngozi, anaweza kuanza kwa kupaka nusu saa tu kisha kuosha. Usiku wa retinoli usipake kitu kingine chenye ukali: asidi za kubandua ngozi, dawa ya chunusi ya benzoili peroksaidi, skrabu ya sukari au kahawa, wala limau. Limau usilipake usoni usiku wowote ule. Seramu ya vitamini C, kama unayo, iwe ya asubuhi.

Wiki za mwanzo ngozi inaweza kupauka na kubanduka kidogokidogo, na mwenye chunusi huweza kuona vipele vikijitokeza kwa wingi kabla havijapungua. Hayo ni ya kawaida yakiwa madogo. Ya kukusimamisha ni haya: maji ya kawaida yanachonyota, losheni uliyoizoea inachoma, ngozi inang'aa na unahisi imekazwa, au unajikuna usingizini. Maelekezo mengi yanakuambia uangalie wekundu, na kwetu wekundu hauonekani kirahisi. Tumia mgongo wa mkono: gusa shavu, kisha gusa shingo. Shavu likiwa na joto kuliko shingo, au likiwa limekolea kuliko jana, ngozi hiyo inaungua hata kama kioo kinakuambia huna kitu.

Ikifika hapo acha retinoli na kila kitu chenye kazi maalumu. Osha kwa maji matupu au sabuni laini sana, paka krimu ya kulainisha mara kadhaa kwa siku, na usiku funika sehemu zilizobabuka kwa mafuta ya mgando. Ngoja mpaka uso utulie kabisa, wiki moja, mbili, hata tatu, kisha urudi kwa usiku mmoja kwa wiki. Usikimbilie ile tyubu ya steroidi ya duka la dawa ambayo kila nyumba inayo kwa ajili ya fangasi na upele. Itatuliza kwa siku mbili na kukufunga kwa miaka. Na kama kope au midomo imevimba, au kuna malengelenge, huo ni mzio au kuungua kwa kweli, nenda hospitali.

Kwa wasomaji wa Pwani kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye pakiti hayataliandika. Biharusi husuguliwa singo siku kadhaa mfululizo, hutolewa vinyweleo, hutindwa nyusi. Ngozi iliyo kwenye retinoli haihimili kuvutwa wala kusuguliwa namna hiyo. Nilimwona biharusi mmoja Tanga, siku mbili kabla ya kupambwa, ametolewa vinyweleo vya juu ya mdomo kwa nta ya moto. Ngozi ilitoka pamoja na nta, upande wa kushoto, kipande cha urefu wa ukucha, panameremeta kwa majimaji. Hakuna aliyemuuliza anapaka nini usiku, naye hakujua kwamba lilikuwa jambo la kusema. Rangi za kupambia zilipakwa juu ya kidonda kile huku machozi yakimtoka. Dada zangu wa saluni, na wewe somo unayemwandaa mwari, muulizeni swali hilo kabla hamjagusa uso. Retinoli isimamishwe walau wiki nzima kabla ya nta, kutinda kwa uzi au singo, na kwa tretinoini muda uzidi hapo. Irudiwe ngozi ikishapona. Na miezi miwili kabla ya harusi si wakati wa kuianza, maana siku ya kutoka nje inaweza kukukuta katikati ya kubanduka.

Wanaume nao. Kinyozi akimaliza kukunyoa anakupaka spiriti, na siku hizi anakuongezea skrabu na mvuke. Ukiwa kwenye retinoli mwambie aviache vyote, na usiku wa siku uliyonyoa ndevu usipake. Kwa wenye vipele vya ndevu, dawa za ukoo huu zinaweza kusaidia, lakini mwachie daktari achague.

Sasa jua, na ningekuwa na nafasi makala nzima ingekuwa juu yake. Huko Queensland, Australia, watafiti walifuatilia watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu. Walioagizwa kupaka losheni ya jua kila siku walionyesha uzee mdogo wa ngozi kwa asilimia 24 kuliko waliopaka wapendavyo, kwa mujibu wa matokeo yaliyotoka mwaka 2013. Wengi wao walikuwa weupe, na sitasema tarakimu hiyohiyo ni yetu. Kwetu hoja ni nyingine na ina nguvu zaidi: madoa. Miale ya jua, na hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, huamsha rangi kwenye ngozi nyeusi. Unayeondoa mabaka usiku kwa retinoli na kutembea mchana uso mtupu unajaza ndoo iliyotoboka. Tuko karibu na Ikweta; kipimo cha ukali wa jua hupita 10 mara kwa mara, mawingu hayaondoi hatari yote, na Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ubaridi unadanganya kwa sababu hewa nyepesi ya juu haichuji miale sana.

Chukua losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi, inayozuia aina zote mbili za miale. Kiasi cha uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati. Chini ya hapo hupati kinga iliyoandikwa kwenye tyubu. Kwa wenye mabaka, iliyo bora ni ile yenye rangi ya ngozi, kwa sababu ile rangi ni oksidi za chuma ambazo huzuia hata mwanga wa kawaida, na wala haikuachii weupe kama uliyepakwa chokaa. Rudia kila saa mbili ukiwa nje. Dereva usijidanganye na kioo: mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69, dereva wa lori la kusambaza bidhaa kwa miaka 28, ambaye upande wa kushoto wa uso ulijaa makunyanzi mazito na wa kulia ulikuwa wa mtu wa umri wake. Kule dereva hukaa kushoto. Kwetu hukaa kulia, basi angalia shavu lako la kulia. Mama lishe, mkulima, mwendesha bodaboda, kofia pana na mtandio ni kinga nzuri isiyoisha kwenye tyubu, na kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu, nunua losheni ya jua uiache retinoli kwa mwaka mwingine.

Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilianzishwa kitengo cha kutengeneza losheni ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwao losheni hiyo ni kinga ya saratani, na nimesikia watu wakiulizana namna ya kuipata kwa ajili ya urembo. Tafadhali tuwaachie. Mwenye ualbino anayetaka kutumia retinoli aanze na daktari wa ngozi, asiianze mwenyewe.

Mjamzito asipake retinoli wala ndugu yake yeyote, na anayetafuta mimba aache mapema. Vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi kali ya ukoo huu, vinajulikana wazi kwa kuharibu viungo vya mtoto tumboni. Krimu huingia mwilini kidogo sana, lakini madaktari hushauri ziachwe kwa tahadhari, kwa kuwa hakuna doa la uso lenye thamani ya wasiwasi huo. Ugumu uliopo ni kwamba mimba yenyewe huleta mabaka usoni, na mama huyo ndiye anayeshawishiwa sana kununua krimu. Kwake yeye kuna losheni ya jua, vitamini C na asidi ya azelaiki. Kama ulipaka kabla hujajua una mimba, acha, mwambie mkunga kliniki, na usikose usingizi. Anayenyonyesha aulize kwanza. Na vile vidonge laini vya vitamini A ambavyo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa kila baada ya miezi sita havihusiani na haya: usivitoboe kupaka usoni, wala mtu mzima asivimeze kutafuta urembo. Vitamini A ikizidi mwilini ni sumu kwa ini na kwa mimba.

Wasichana wa sekondari wanaoniuliza kuhusu retinoli huwajibu kwamba ngozi yao haihitaji kuzuiwa uzee. Kama ni chunusi, hiyo ni safari ya kliniki.

Swali linalobaki ni la muda. Chuo Kikuu cha Michigan kilichapisha mwaka 2007 utafiti uliofanywa kwa wazee 36, wastani wa umri wao miaka 87, waliopakwa retinoli ya asilimia 0.4 upande wa ndani wa mkono, sehemu isiyopigwa na jua, hadi mara tatu kwa wiki. Baada ya wiki 24 mikunjo midogo ilikuwa imepungua waziwazi. Ngozi ya miaka 87, mara tatu kwa wiki, miezi mitano na nusu. Basi usitegemee kitu wiki ya pili. Ulaini huanza kuhisika kwenye mwezi wa pili, rangi hubadilika kuanzia wiki ya 12, mikunjo huchukua nusu mwaka na zaidi. Piga picha ya uso kabla hujaanza, mchana, mbele ya dirisha lilelile, bila vipodozi, kisha rudia kila mwezi, kwa sababu macho yanayojitazama kila siku hayaoni mabadiliko ya polepole.

Kuna vitu ambavyo picha ya mwezi wa sita itaonyesha viko palepale. Wengi wetu, tukivuka miaka 30, tunatoa vinundu vidogo vyeusi kwenye mashavu na pembeni mwa macho, vya kurithi, visivyouma, na mara nyingi mama na shangazi wanavyo pia. Retinoli haiviondoi. Saluni watakuambia wanaweza kuvichoma kwa dawa, jirani atakuambia uvifunge uzi, na vyote viwili huacha shimo au doa jeupe mahali palipokuwa na kinundu kisicho na madhara. Ukivichoka, mwone daktari wa ngozi. Huviondoa kwa umeme mdogo wa joto au kwa kuvikata, na aliye makini ataanza na kimoja au viwili karibu na nywele, asubiri wiki kadhaa aone ngozi yako inavyopona, ndipo aguse vya shavuni.